Msumeno wa Baba na Chemchemi ya Lugongo

Harufu ya kwanza niliyoijua duniani ni ya mkonge uliosagwa. Haikuwa harufu nzuri, na sitaipamba kwa sababu tu ni ya utoto wangu. Ni ukali wa kitu kibichi kilichokwisha kuanza kuoza, unaokaa nyuma ya ulimi kama dawa chungu. Ilitoka korona, yaani kiwandani, ambako majani ya mkonge yalipondwa na kukwanguliwa mpaka zikabaki singa nyeupe, kisha ikashuka na mfereji wa maji machafu hadi kwenye nyumba zetu, ikaingia kwenye mashuka, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Sisi watoto wa Kambi Tatu tulipofika shule ya kijijini, wenyeji waliziba pua na kusema korona imefika. Tulizoea. Babu mzaa baba aliletwa Kilosa kutoka upande wa Njombe akiwa manamba, akakata mkonge mpaka akafa, na mama naye alikuwa mjukuu wa manamba. Baba alizaliwa kambini, akawa fundi wa mitambo ya korona, na mimi nikazaliwa katika chumba kilekile alichozaliwa yeye. Asubuhi king'ora kililia, wanaume wakatoka; mchana kikalia tena, moshi wa jikoni ukapanda. Sikujua kwamba yako maisha yasiyo na king'ora.

Juu ya kambi, baada ya mistari ya mkonge kwisha, ardhi iliinuka ikawa mlima, na mlima huo ulikuwa umevaa msitu unaoitwa Lugongo. Ukiwa chini kwenye mkonge jua lilikuunguza mpaka kichwa kikauma. Ukipanda kidogo na kuingia chini ya miti, jasho lilikupoa mgongoni ghafla, ukahisi kama umefungua mlango wa nyumba ya mtu. Kulikuwa na mivule ambayo watoto wanne tulishikana mikono tusiizunguke, kulikuwa na mininga iliyotoa utomvu mwekundu ukiichubua, na mbega weusi wenye mabega meupe waliotutazama kama wazee wa kanisa wanaotazama watoto wanaocheka ibadani. Mvua za kwanza zilipopiga tulipanda na vikapu kuchuma uyoga, na msimu wa mabungo tulirudi meno yamekufa ganzi kwa ukakasi. Na katikati ya mlima, chini ya mkuyu mkubwa ambao mizizi yake ilishika jiwe kama mkono unavyoshika yai, ndiko maji yalikotoka. Hayakutoka kwa kelele. Yalisukuma mchanga mweupe kwa chini, polepole, mchanga ukawa unacheza, na ukiweka kiganja chako juu yake ulihisi mlima unapumua. Kutoka hapo kilianza kijito kilichonywesha kijiji, kambi, na bustani zote za bondeni.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lugongo haukusimama pale kwa bahati. Aliyekuwa akiutunza, kwa haki ya kurithi, ni Mama Zuhura, mwanamke mwenyeji, Mwislamu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Ukoo wake ndio uliokuwa ukifanya tambiko kwenye ule mkuyu tangu kabla ya Wajerumani na mkonge wao. Matambiko yenyewe yalikwisha kufa, lakini miiko ilibaki: hakuna kukata mti mbichi, hakuna kufua kwenye chemchemi, hakuna kupanda mlimani na moto. Mama yangu, Mkristo na mtu wa kuja, alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana. Wawili hao waliwakusanya wanawake wa kijijini na wa kambini, wakawa wanafyeka njia ya moto kuuzunguka mlima kila kiangazi, na pale palipoungua wakapanda miche. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kitalu cha miche chini ya kivuli cha makuti, na kazi yangu ya kila jioni ilikuwa kuimwagilia kwa kopo lililotobolewa. Mama aliijua miche yake kama anavyotujua sisi. Akipita alisema, "Huyu wa pembeni hajanywa leo," nami nilirudi mbio na kopo.

Nilikuwa darasa la nne mwaka king'ora kilipoacha kulia. Miaka hiyo tulisikia redioni maneno mapya, soko huria, ubinafsishaji, ruksa, na sisi watoto tuliyaimba bila kujua yana meno. Shamba lilikuwa mali ya umma. Ikasemwa halina faida, litauzwa, mnunuzi anatafutwa. Mnunuzi hakuonekana. Mishahara ilichelewa, kisha ikakoma, kisha siku moja lango la korona likafungwa kwa mnyororo na wanaume wakarudi nyumbani saa ambazo wanaume hawarudi nyumbani. Mkonge ukaachwa bila kukatwa, ukaota milingoti mirefu ya maua, na nyasi zikafunika mistari. Hata ile harufu ikaondoka, na ajabu ni kwamba nilikosa usingizi kwa kuikosa. Baba alikaa barazani na mikono yake. Sijui niseme vipi tena. Ilikuwa mikono ya mtu aliyeweza kuweka kiganja kwenye mashine inayounguruma akakwambia ni beringi ipi inayokufa, na kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda kwa sababu mashine ilikishika ujanani. Sasa mikono hiyo ilikuwa inafungua na kufunga mkasi wa kukatia kucha, siku nzima, kuona kama unaweza kukazwa zaidi.

Njaa mwana malegeza. Wanaume wa kambi wakaingia kwenye mkaa, kwa kuwa malori yaliyotoka Iringa na Mbeya kwenda Dar es Salaam yalipita Mikumi kila saa, na dereva mwenye nafasi nyuma hakuacha kununua. Walikata miombo ya tambarare, upande wa barabara, wakajenga matanuru, wakatoka macho mekundu. Baba alikwenda nao. Watu hudhani mama alipinga kila mkaa; sivyo. Unga tulioula ulitoka kwenye magunia yale, na mama mwenyewe alishona midomo ya magunia kwa kamba ya mkonge. Alichosema ni kimoja tu: "Kateni huko, mpumzishe kule, mrudi huku. Lugongo msiuguse. Ule si kuni, ule ni mtungi." Ng'ambo ya barabara, ndani ya hifadhi, nyati na swala walilindwa kwa bunduki, na aliyevuka na shoka alijua anakwenda jela. Lugongo haukuwa na bunduki. Ulikuwa na wanawake wenye mafyekeo.

Ndipo akaja mtu tuliyemwita Kaka Mzigo. Jina lake la kweli nilikuja kulijua baadaye na sitaliandika. Tulimwita hivyo kwa sababu kila aliposhuka kwenye lori lake, kabla hata ya salamu, aliuliza, "Mzigo upo?" Alikuwa kijana bado, mwenye viatu vya ngozi visivyoshika vumbi, mwepesi wa kucheka, na hakuwa mtu mkali hata kidogo. Aliwapa watoto pipi. Aliwaamkia wazee shikamoo kwa kuinama mpaka wakamsifu kwa malezi. Mkaa wa tambarare haukumtosha. Alitaka mbao za mninga na mvule, na alikuwa ameuona mlima. Alikaa na mwenyekiti wa kijiji mara kadhaa, mbuzi wakachinjwa, na mwishowe ukaitishwa mkutano wa hadhara mbele ya ofisi ya kijiji. Mkono mtupu haulambwi, na wa Kaka Mzigo haukuwa mtupu.

Watoto tulikaa chini mbele, kama kawaida ya mikutano, miguu yetu ikigusa meza ya wakubwa. Mwenyekiti akasema zama zimebadilika, kwamba serikali haiwezi kumlisha kila mtu, kwamba kijiji kitapata ushuru, bati za zahanati, na vijana watapata kazi. Itavunwa miti iliyozeeka tu, akasema, ile inayosubiri kuanguka yenyewe. Mama Zuhura akasimama, akaeleza miiko ya ukoo wake, na vijana wakaguna, mmoja akauliza kwa sauti kama mizimu nayo inakula ugali. Watu walicheka. Kisha mama yangu akaomba nafasi. Hakuwa amezoea kusema hadharani, na nilimwona akiishika ncha ya khanga yake kwa vidole vyote.

"Mwenyekiti, mimi hapa sina ukoo," alisema. "Nina koo tu. Na koo hili tangu liache ziwa la mama linakunywa maji ya Lugongo. Miti hiyo mnayoiita mizee ndiyo iliyoyashika."

"Mama Daudi, kwani tutakula maji?" akapaza sauti mwanamume mmoja wa kambini, jirani yetu.

"Hutayala. Lakini huo ugali utausonga kwa mate?"

Wanawake walipiga vigelegele, na kwa muda mfupi niliamini tumeshinda. Mwenyekiti akatulia mpaka kelele zikaisha, akasema haya, wanaokubali mradi wanyooshe mikono. Kwa kuwa nilikaa chini, niliiona mikono kutoka chini, dhidi ya anga, kama shamba la mahindi lililoota ghafla. Nikageuka nyuma kuwatafuta wa kambi yetu. Kati ya mikono ile mmoja ulikuwa na kidole kilichopinda. Nilitazama tena, nikidhani nimekosea. Halafu nikamtazama mama, nikaona kwamba yeye alikuwa ameuona kabla yangu. Aliketi chini taratibu, akaikunja ncha ya khanga, akaifunua, akaikunja tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini na nguo hiyo baada ya hapo.

Lazima nieleze sababu ya baba, maana nisipoieleza nitakuwa nimemwonea. Kaka yangu Daudi, mzaliwa wa kwanza, alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la saba, mmoja pekee katika kambi nzima, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni mbali na nyumbani. Wakati wa king'ora shule ilikuwa haidai kitu. Sasa ilidai ada, godoro, sanduku la chuma, sare, na mambo mengine mengi. Baba alimtazama Daudi akamwona mtoto wa kwanza katika vizazi vitatu ambaye asingefanya kazi ya kuinama. Jioni ile ya mkutano walizungumza jikoni, na sisi tulisikia kila kitu kwa sababu nyumba za kambi hazina dari.

"Umeninyooshea mkono mbele ya watu, Baba Daudi," mama alisema.

"Sikukunyooshea wewe. Nimemnyooshea mtoto."

"Maji anayokunywa mtoto je?"

"Shuleni kuna bomba," baba akajibu. Kisha, kwa sauti iliyochoka, "Wewe unataka nimwambie nini yule kijana? Kwamba tumebakiza miti?"

Mama akaufukia moto kwa majivu. Nami nimeishi miaka yote hii nikilitafuta jibu ambalo angempa, na sijalipata.

Wiki iliyofuata Kaka Mzigo alileta msumeno wa mashine, wa kwanza kuonekana upande ule. Watu waliuita chensoo. Ulihitaji mtu anayejua mashine, na anayejua mashine alikuwa mmoja tu. Nilimwona baba akiupokea. Aliupindua, akauangalia mnyororo, akafungua kifuniko, akanusa petroli, na uso wake, ambao ulikuwa umekufa tangu korona ifungwe, ukawa hai. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote yaliyofuata: kwamba alifurahi. Alivuta kamba, ukawaka, na sauti yake ikapanda mlimani na kurudi. Mbega walikimbia siku ileile. Siku chache baadaye mvule wa kwanza ukaanguka, na ardhi ya kambi ikatetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nilikuwa nikimwagilia miche. Niliendelea kumwagilia, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.

Walikuwa wameahidi kukata mizee. Walikata mizee, wakakata na mirefu, halafu iliyonyooka, na iliyobaki imepinda wakaikata kwa ajili ya mkaa, kwa kuwa lori haliwezi kuondoka na nafasi. Wanawake walipeleka malalamiko ofisini wakaambiwa wasubiri. Walipofika kwenye chemchemi, Mama Zuhura alikuja mbio nyumbani kwetu akihema, na yeye na mama na wengine wachache wakapanda mlimani asubuhi hiyo. Nilikwenda nyuma yao na mdogo wangu mgongoni. Mahali palipokuwa na kivuli sasa palikuwa na jua, jua kali la wazi, likipiga juu ya vigogo vyekundu vya mininga vilivyotoa utomvu kama vidonda. Niliona aibu, kana kwamba nimemwona mtu mzima akiwa hana nguo. Baba alikuwa amesimama mbele ya mkuyu, msumeno ukiunguruma mkononi. Mama akampita bila kumtazama, akaenda akaketi kwenye mzizi, mgongo umeegemea shina, akanyoosha miguu kama mtu anayetaka kuchambua mchele.

Baba akazima mashine. Ndipo nikasikia maji.

"Mama Daudi, toka hapo."

"Baba Daudi, kata. Mimi nimekaa."

"Si mti wangu huu. Mimi nimetumwa."

"Najua. Basi mwambie aliyekutuma aje akate mwenyewe."

Mama Zuhura naye akaketi, kisha wengine. Baba akaweka msumeno chini, akakaa juu ya gogo, akawasha sigara. Nadhani alikuwa amefarijika. Nadhani kama wangeachwa wawili hao peke yao, mume na mke, wangekaa pale mpaka jua lizame, wakashuka nyumbani kula, na mkuyu ungekuwepo hadi leo. Lakini vijana wa Kaka Mzigo walikwisha kushuka kumwita mwenyekiti, na mwenyekiti akatuma mgambo. Waliwainua wanawake mmoja mmoja kwa mikono. Mama hakupigana, alijilegeza akawa mzito, wakamburuta mpaka khanga ikamfunguka kiunoni. Alimtazama baba. Baba aliangalia chini, kwenye kidole chake kilichopinda, akakisugua kama kimeanza kuuma upya. Waliwafungia kwenye stoo ya ofisi ya kijiji, kosa lao kuzuia maendeleo, wakawatoa kesho yake mchana. Tulipokuwa tunateremka nyuma yao, mimi na mdogo wangu, nilisikia msumeno ukiwaka tena nyuma yetu. Mdogo wangu alikuwa anaipenda sauti ile. Aliiga mdomoni njia nzima.

Daudi alikwenda shule. Alipanda lori la Kaka Mzigo mpaka Mikumi kupata basi, akiwa amekalia sanduku la chuma jipya juu ya mbao za mninga, godoro limefungwa kwa kamba, na kambi nzima ilitoka kumuaga. Mama alimfunga shingoni ile leso yake nzuri ya sikukuu, akambariki. Alipogeuka hakulia. Ila toka siku hiyo alimwita baba jina lake la ubatizo, si Baba Daudi tena, kama anavyoitwa mtu ofisini, na baba akaitikia. Waliishi nyumba moja miaka mingi baada ya hapo, wakila chungu kimoja, kwa heshima zote. Sikumbuki kusikia wakicheka pamoja.

Kiangazi kile kijito kilipungua kikawa uzi, kisha madimbwi, kisha matope yenye alama za kwato. Halikuwa jambo la kulitangaza; kila siku tulishuka kidogo zaidi na ndoo, na kila siku tulirudi tumechelewa zaidi shuleni. Tulichimba mchanga bondeni na kukaa tukisubiri maji yajae, kibuyu kwa kibuyu. Watoto waliugua matumbo. Kitalu cha mama kilikauka chote kwa wiki chache, kwa sababu kati ya mche na mtoto hakuna wa kuuliza nani anywe kwanza. Mzigo ulipokwisha mlimani, Kaka Mzigo naye akaisha. Alihamia upande wa Vidunda, tukasikia, ambako bado kulikuwa na miti. Bati za zahanati zilikuja chache, zikaezekea ofisi ya kijiji.

Halafu mvua zikaja. Tulizisubiri kwa dua misikitini na kanisani, na zilipokuja tulicheza uchi uani. Zilinyesha, zikanyesha, mpaka furaha ikaisha. Siku moja alasiri, tukiwa darasani, tulisikia kishindo ambacho si cha radi, kirefu, kama treni inayopita pasipo na reli. Tulitoka nje. Ubavu wa Lugongo ulikuwa umeteremka. Udongo mwekundu ulikuwa unatembea, na juu yake vigogo na mawe makubwa yakipinduka polepole kama mabonge ya ugali kwenye sufuria. Ulifunika bustani, ukafunika njia, ukafunika nyumba tatu za kijiji zilizokuwa chini ya mlima. Mbili zilikuwa tupu. Katika ya tatu alikuwamo Mama Zuhura, aliyekuwa amerudi kuondoa kuku wake.

Wanaume walichimba jioni yote iliyobaki na asubuhi ya kesho yake, na aliyechimba kuliko wote ni baba. Hakukubali kupokewa jembe. Alipomfikia alivua shati lake akamfunika uso, kisha akatoka pale shimoni, akapita katikati yetu akiwa amejaa udongo mpaka kwenye kope, akaenda kukaa peke yake kwenye lango la korona lenye mnyororo. Mchuma janga hula na wa kwao. Mama aliosha mwili pamoja na wanawake wa Kiislamu, wakamruhusu ingawa si wa dini yao, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia asifanye. Maji ya kuoshea yalichotwa kwenye mitaro ya mvua, yakachujwa kwa kitambaa, mekundu bado.

Na Daudi? Daudi alirudi akiwa kidato cha pili. Mbao zilikwisha, kazi ya msumeno ikaisha, ada ikakosekana, akarudishwa na sanduku lake. Kwa hiyo hesabu ndiyo hiyo: mlima mzima, ulioanza kuota kabla ya babu wa babu zetu, ulimsomesha mtoto mmoja mpaka kidato cha pili. Aliingia kwenye mkaa, akaenda Dar es Salaam, yuko huko hadi leo na anaendesha bodaboda. Ni mtu mwema, lakini ukimtajia Lugongo anakasirika, anasema hakuomba. Ni kweli, hakuomba. Baba alifariki miaka iliyopita, mama akimuuguza mpaka mwisho kwa mikono safi na maneno machache.

Mimi leo ninaishi Mikumi mjini, nina genge la vyakula kando ya barabara kuu, na mama ninaye. Malori bado yanapita. Magunia bado yanasimama kando ya njia, tofauti ni kwamba yanatoka mbali zaidi na yamekuwa membamba zaidi, mkaa wa miti ambayo zamani tungeiita fimbo. Ninaununua. Gesi bei yake inapanda na kushuka, na wateja wanataka chai asubuhi. Wanangu wanaimba shuleni nyimbo za kutunza mazingira, wana siku ya kupanda miti, wanavaa fulana; wanajua maneno ambayo mama yangu hakuyajua. Sisi tulikuwa na msitu bila wimbo. Wao wana wimbo. Nikiwasikia nikiwa jikoni huwa nafunga mlango, na sijawaambia sababu.

Mwaka jana walikuja vijana wawili wa mradi, wapole, wenye gari na vifaa vya kupimia. Wanataka kurudisha uoto wa Lugongo, walisema, na waliambiwa kijijini kwamba aliyebaki hai anayejua mahali chemchemi ilipokuwa ni mama mmoja aliyehamia Mikumi, yaani mama yangu. Walimwamkia shikamoo, akawaitikia marahaba, akavaa viatu vyake vya kanisani, tukaenda. Mlima sasa ni nyasi, mawe, na vichaka vya miiba. Mama alipanda kwa fimbo, akapumzika, akapanda. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alisogea, akarudi. Mwanamke aliyekuwa akiijua miche yake mmoja mmoja alizunguka kwenye udongo ule ulioteremka, akitafuta kwa macho kitu chochote cha kushikilia, na hapakuwa na kitu. Vijana walisubiri kwa adabu, mmoja ameshika kamera. Mwishowe mama akanyoosha fimbo yake. "Hapa," alisema. Wakashangilia, wakapima, wakampiga picha.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama kweli ni pale. Alikuwa anaangalia nje dirishani.

"Sijui, mwanangu. Nimewaonyesha popote. Watoto wa watu wametoka mbali, wasirudi mikono mitupu."

Bango limesimikwa pale, la chuma, rangi ya kijani. Linasema hiki ni chanzo cha maji, tukitunze.